Kibuyu cha Rodah na Magurudumu ya Akello

Rodah Chepchirchir alikuwa mtu wa kusukuma. Alianza kusukuma mkokoteni mwaka wa themanini na tano, kijana wake Robert akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mwaka wa tisini na sita ulimkuta bado anasukuma, Robert sasa anamfikia begani. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha majani chai, juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka Mogogosiek. Chai ikishakaushwa na kuchujwa ilitiwa katika magunia ya karatasi ngumu, na magunia hayo yalivuka uwanja mpaka stoo kwa nguvu za Rodah na wanawake wenzake watatu.

Mkokoteni wake ulikuwa na magurudumu ya chuma tupu. Uwanja ulikuwa wa mawe na changarawe. Ukisukuma chuma juu ya mawe, meno yanagongana, na jioni ukishika kikombe mkono unaendelea kutetemeka peke yake kama bado uko kazini. Benard, mumewe, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda hicho hicho, mtu mpole wa vidole vyeusi vya grisi. Mkono huo unaotetemeka aliuona kila jioni, ng'ambo ya meza, kwa miaka kumi na mmoja. Na kila jioni alisema neno moja tu:

"Mama Robert, unamwaga chai."

Basi mwezi wa pili mwaka huo likaja gari la stima.

Lililetwa kutoka Nairobi, limeshatumika kwingine, rangi imebabuka. Halikuwa na injini ya kunguruma. Lilikuwa na betri kubwa kama sanduku la nguo chini ya kiti, na lilitembea kimya, linavuma tu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Magurudumu yalikuwa matatu, mawili nyuma na moja mbele, na usukani wake ulikuwa mti mrefu wa chuma, unauvuta huku au kule. Lilibeba magunia ishirini kwa mara moja. Mikokoteni mitatu ikatupwa nyuma ya boila. Wa Rodah ulibaki, wa kutoa chai kwenye chujio mpaka chumba cha kupakia, humo ndani kwa ndani.

Rodah alipoliona lile gari alijua ni lake. Nani mwingine? Nani aliyeujua uwanja ule jiwe kwa jiwe? Alifunga kitambaa chake vizuri na kungoja kuitwa.

Akaitwa Dorcus Akello.

Dorcus alikuwa amekuja kutoka upande wa ziwa mwaka mmoja tu nyuma, mjane wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye ghala la kuni. Alikuwa na leseni. Alikuwa ameendesha trekta kwenye miwa kule kwao. Meneja, Bwana Orina, mtu wa tai na maneno machache, aliiangalia leseni, akamwangalia Dorcus, akasema, "Panda."

"Leseni," Rodah alimwambia Rebeccah, mwenzake wa zamani wa mkokoteni, ambaye sasa alikuwa anashona midomo ya magunia. "Mimi leseni yangu iko kwa mgongo."

"Na yake iko kwa karatasi," Rebeccah akajibu. "Karatasi haiumi, dada."

Huo ulikuwa wivu wa kwanza, na Rodah angeweza kuishi nao. Watu huishi na vidonda vya tumbo. Wa pili ndio uliomnyima usingizi.

Gari lilikuja na magurudumu madogo ya mpira mgumu, mpira mtupu usio na upepo, yaliyotengenezwa kwa sakafu ya simenti. Kwenye mawe ya uwanja lilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kengele. Wiki ya kwanza magunia kumi na mawili yalipasuka pembe, chai ikamwagika, na gunia lililopasuka halisafiri. Bwana Orina alisimama mlangoni pa stoo akasema mbele ya watu wote, "Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Kama magunia yatakuwa yanapasuka, hii gari inarudi Nairobi, na dereva atafute kazi kwingine. Fundi, hiyo ni kazi yako."

Fundi ni nani? Ni Benard.

Tangu siku hiyo Benard aliishi chini ya gari la Dorcus Akello. Rodah akipita na mkokoteni wake wa chuma, kra-kra-kra, alimwona mumewe amepiga magoti kando ya gurudumu kama mtu anayesali, na Dorcus amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, anacheka. Jioni Benard hakuongea juu ya ng'ombe tena, wala mahindi. Aliongea juu ya matairi.

"Tairi ngumu ni kama mtu mbishi," alisema, akichovya ugali. "Jiwe analokanyaga analipeleka juu vile lilivyo. Tairi ya upepo inalimeza jiwe. Kwa hivyo nimetoa zile ngumu zote, nimeweka za upepo, pana, zile za pikapu kuukuu."

"Na sasa?"

"Sasa inateleza kama siagi. Lakini usukani umekuwa mzito. Ile ya mbele ikiwa pana na laini, inang'ang'ania chini, haitaki kugeuka. Na betri inakwisha kabla ya saa tisa. Jioni mikono inamuuma vibaya."

"Mikono ya nani?"

"Ya dereva."

Rodah alikiangalia kikombe chake. Chai ilikuwa inacheza ndani, pembeni kwa pembeni, maana mkono wake ulikuwa unatetemeka. Benard naye alikiangalia.

"Unamwaga," alisema.

Kesho yake Rebeccah alimngoja kando ya mashine ya kushona, midomo imemjaa habari. "Sitaki maneno, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini bwana yako nimemwona ameweka mkono wake juu ya mkono wa Akello. Hapo kwa usukani. Ati anapima uzito wa kugeuza."

"Anapima?"

"Amepima kutoka boila mpaka stoo, dada. Lisemwalo lipo."

Rodah alisukuma mkokoteni hata magunia yakaomba huruma.

Benard aliendelea kujaribu. Matairi mapana ya nyuma aliyaacha, maana nyuma ndiko mzigo ulikokaa. Mbele akaweka tairi jembamba, akalijaza upepo mpaka likawa kama jiwe. Usukani ukawa mwepesi. Dorcus aliweza kugeuza kwa mkono mmoja huku wa pili unapunga watu. Lakini sasa pua ya gari ilipokea kila changarawe, na magunia ya mbele yakapasuka tena, matatu, manne. Akapunguza upepo kidogo. Akaongeza. Akapunguza tena. Fundi alikuwa amepata ugonjwa, na mkewe alifikiri analijua jina lake.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi Rodah aliamka akakuta msumari mtupu.

Ukutani mwa jikoni alikuwa na misumari mitatu na vibuyu vitatu vya maziwa. Viwili vilikuwa vibuyu tu. Cha tatu alipewa na mama yake siku ya kuolewa: shingo ndefu, mwili mwekundu wa kung'aa kwa mafuta na moshi, mkanda wa ngozi wenye shanga na simbi. Ndani yake mursik, maziwa ya mgando, ililala wiki nzima na kutoka tamu. Kibuyu cha mwanamke hakiguswi na mtu mwingine. Mwanamume hakiondoi ukutani. Hata kukiosha hajui. Rodah alitafuta chini ya kitanda, ghalani, kwa mama mkwe. Hakuuliza. Mwanamke hatangazi kwamba amepotelewa na kibuyu, kama vile hatangazi kwamba amepotelewa na mume.

Ijumaa asubuhi alikiona.

Kilikuwa kimefungwa nyuma ya kiti cha Dorcus Akello, kwa mkanda wake mwenyewe wenye shanga, kimejaa, mdomo umefunikwa vizuri. Dorcus alikipapasa kidogo alipopanda, jinsi mtu anavyompapasa mtoto mgongoni, halafu akaondoka kimya kimya na magunia yake ishirini.

Rodah aliusimamisha mkokoteni. Mkono juu ya usukani, sawa. Magoti mchana kutwa, sawa. Lakini kibuyu! Kumpa mwanamke mwingine maziwa katika kibuyu cha mke wako, mbele ya kiwanda kizima! Afadhali angemvisha Akello nguo zake za kanisani. Miaka kumi na mmoja chuma juu ya mawe, na huyu mwanamume hakuwahi kumwekea hata kipande cha mpira wa ndala. Huyu wa jana amewekewa upepo mbele na upepo nyuma, na maziwa juu.

Saa nne watu walienda kunywa chai. Gari lilikuwa limesimama kivulini, limeshapakiwa kwa safari ya tano. Rodah alipita upande wa kushoto, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Kufungua valvu alijua. Alikuwa amemwona Benard akifanya hivyo kwenye baiskeli mara mia. Alitoa kile kifuniko cha chuma chenye mdomo mwembamba, akakigeuza, akalegeza valvu. Upepo ukatoka, sss, kama mtu anayeambiwa siri. Alipoona tairi limekaa nusu, akakaza tena, akatia kifuniko mfukoni mwa aproni, akaenda kunywa chai yake. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimtisha.

Dorcus alipanda. Bwana Orina alikuwa mlangoni pa stoo na karatasi yake, siku ya mwisho, anangoja kuhesabu. Gari lilianza vizuri kwenye tambarare. Lilipofika kwenye mteremko karibu na boila, mzigo ukaegemea lile tairi legevu, na gari zima likaanza kuvuta kushoto. Dorcus aliuvuta usukani kulia kwa mkono mmoja. Halafu kwa miwili. Halafu akasimama, mguu mmoja ameusukuma kwenye ubao, anavuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

"Inakataa! Jamani, inakataa!"

Gurudumu la kushoto likaingia mtaroni. Gari likalala ubavu, magunia sita yakaanguka na kupasuka, na kitu kikalia ko!, kikavu, kama fuvu.

Watu wakakimbia. Dorcus alitoka mtaroni amechubuka kiwiko, anatikisa kichwa. Rodah alikuja pia, na macho yake hayakwenda kwa Dorcus wala kwa magunia. Yalikwenda kwenye mawe, kwenye vipande vyekundu vinavyong'aa, shanga zikiwa bado kwenye mkanda. Na maziwa meupe yanatafuta njia kati ya changarawe.

Benard alifika mbio na spana mkononi. Akapiga magoti, akatia kidole kwenye yale maziwa, akakiangalia, akaonja. Halafu, hapo katikati ya hasara yote ile, akacheka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Maziwa!" alisema. "Bwana Orina, njoo uone. Bado ni maziwa!"

"Fundi, umepigwa kichwa?"

"Sikiliza, mzee. Mke wangu akitikisa kibuyu, maziwa yanatoa siagi. Nikasema, kama gari inatikisa namna hiyo, itatoa siagi, na kama inatoa siagi, magunia yatapasuka. Jumatano nilifunga kibuyu cha mama—"

"Mama yupi?" mtu akauliza.

"Mama yangu. Tairi ya mbele ilikuwa ngumu. Kufika saa sita siagi ilikuwa imeganda juu, punje ndogo ndogo. Na kile kibuyu kikavuja. Nikaona nitafute kisichovuja. Nyumba nzima kisichovuja ni kile cha Mama Robert. Jana nilishinda narekebisha upepo. Leo imekwenda safari nne, na angalia: maziwa matupu! Matairi yako sawa. Pana nyuma, nyembamba mbele, upepo wa wastani. Nimeyapata."

"Umeyapata mtaroni," Bwana Orina akasema. Alihesabu magunia kwa kalamu. "Sita. Gari inarudi Nairobi Jumatatu. Dereva, pole. Na fundi, hii tairi ya kushoto iko chini, macho yangu yanaona. Kama hujui kuweka upepo, sema, nitafute anayejua."

Benard aliliangalia tairi, na Rodah akaona uso wake unavyobadilika. Mtu huyu hakuwa na majivuno mengine duniani. "Nilipima asubuhi," alisema polepole. "Labda nilikosea."

Rodah alihitaji kufunga mdomo tu. Gari lingerudi Nairobi. Akello angerudi ziwani. Mikokoteni ingetolewa nyuma ya boila na dunia ingekaa ilivyokuwa. Rebeccah alikuwa tayari anamtazama kwa jicho la pongezi. Lakini kusikia watu wakisema Benard hajui kujaza tairi! Benard, ambaye angeweza kusikia pancha usingizini! Hilo lilimchoma kuliko Akello.

Akatia mkono kwenye aproni, akatoa kile kifuniko cha valvu, akakishika juu mbele ya meneja.

"Hakukosea. Upepo nimeutoa mimi, saa nne. Mume wangu ana makosa mengi, Bwana Orina, nikiyasema tutakesha. Lakini tairi anajua."

Benard aliangalia kifuniko, akamwangalia mkewe, akaangalia vipande vya kibuyu. Kwa kuwa hakuwa mwepesi wa mambo yasiyo na spana, aliuliza, "Kwa nini?"

"Kwa nini?" Rodah alisema, na sasa sauti ikapanda. "Miaka kumi na mmoja unauona mkono wangu unamwaga chai! Uliwahi kuuliza kwa nini? Chuma juu ya mawe, Baba Robert! Huyu amekaa mwezi mmoja juu ya gari, umembadilishia magurudumu mara nne, halafu unampelekea kibuyu cha mama yangu!"

"Meneja aliniambia nitengeneze gari. Wewe hukuniambia."

"Na kibuyu? Kwa nini hukuniomba?"

Benard alikuna shingo, akaacha alama ya grisi. "Ungekataa. Na mwanamume akionekana amebeba kibuyu kwenda kazini, atachekwa mpaka Longisa. Nilikificha ndani ya koti."

Hapo Dorcus Akello, ambaye alikuwa anapuliza kiwiko chake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Robert! Ulifikiri mimi na huyu? Huyu bwana yako hajui hata jina langu! Kila asubuhi ananiuliza kilo, mbele ya watu, ati anapima upepo wa nyuma. Unajua ananiitaje? Sabini-na-mbili! 'Sabini-na-mbili, panda. Sabini-na-mbili, shuka.' Mwanamume wa kunitongoza ataanza na kilo?"

Uwanja mzima ukalipuka. Hata Bwana Orina aligeuka kando akakohoa. Rodah alisimama palepale, uso unawaka. Alijua ni kweli, maana hata yeye Benard hakumtongoza kwa maneno. Alimtengenezea kufuli la mlango wa mama yake.

"Mimi ndiye ningekuonea wewe wivu," Dorcus akaongeza, kicheko kimekwisha. "Hii gari ni ya kampuni. Jioni narudi nyumbani peke yangu. Hakuna wa kuniambia namwaga chai."

Rodah aliinama, akauokota mkanda wenye shanga.

Alipewa barua na wiki mbili za kukaa nyumbani. Gari likabaki. Mwezi uliofuata halikupasua gunia hata moja, na Rodah aliambiwa habari hiyo na Rebeccah, ambaye aliisema kama anayetangaza msiba. Benard hakumgombeza mkewe. Alikuwa anakula, na mara kwa mara macho yake yalikwenda kwenye mkono wa Rodah. Baada ya siku chache mkono ulipoacha kutetemeka, kwa kuwa haukuwa unasukuma kitu, aliweka kijiko chini.

"Ni chuma," alisema.

"Umepata digrii," Rodah akamjibu.

Siku ya kurudi kazini alikuta mkokoteni wake umegeuzwa miguu juu mlangoni pa chumba cha kupakia, na Benard amepiga magoti kando yake. Alikuwa analikaza gurudumu la pili. Yalikuwa yale madogo ya mpira mgumu, yaliyotolewa kwenye gari mwanzoni.

"Haya kule nje yalikuwa mabaya," alisema bila kuinua kichwa. "Huku ndani ni simenti. Kwa simenti hakuna kama haya. Hayang'ang'anii, hayapati pancha. Yatateleza."

Rodah aliugeuza mkokoteni, akausukuma hatua tatu. Haukulia. Alirudi nyuma, akausukuma tena kumi. Mikono yake ilingojea mtetemo, kama mguu unaotafuta ngazi isiyokuwepo.

Nje Dorcus Akello alipita juu ya gari lake la stima, kimya, laini, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unapunga. Rodah alimtazama mpaka akaishia kwenye kona ya boila. Wivu ulikuwa bado upo, usidhani. Nyumbani msumari wa tatu ulikuwa bado mtupu. Lakini aliinua mkono, kidogo tu, akapunga.

Benard alichukua daftari lake na kipande cha penseli. "Sasa niambie, Mama Robert, nijue kama ekseli itavumilia. Mzigo kilo ngapi? Na wewe ukiegemea—"

"Za magunia uliza," Rodah alisema, akishika mkokoteni. "Zangu ukiuliza, utalala kwa boila."